Ua la Kichwa Chini

Kando ya Mto Ruaha Mkuu, chini ya mbuyu mkongwe, Nyani aliitisha baraza la wanyama. Akakohoa, akatengeneza sauti.

"Ndugu zangu, maisha ya hapa ni chapwa. Kila siku mbuyu uleule, ubuyu uleule, mto uleule. Natoa hoja tuhamie mlima ule wa ng'ambo. Huko hakukosi mambo."

Makofi yakapigwa. Ngiri akaunga mkono. Fisi, ambaye hajawahi kusikiliza mjadala hadi mwisho, akaondoka palepale.

Ndipo sauti ikatoka tawini. Alikuwa Popo. "Shikamoo, mzee. Kabla hatujafunga safari, naomba kuuliza: maua ya mbuyu yana rangi gani?"

"Kahawia," akajibu Nyani. "Nayakanyaga kila asubuhi."

"Ni meupe, mzee."

Baraza likaangua kicheko. Tangu lini anayeona dunia juu chini akamsahihisha mwenyekiti?

Popo hakukasirika. "Ua la mbuyu nalo huning'inia kichwa chini. Ukiwa juu ya tawi unaona kisogo chake tu, na hayo unayoyakanyaga yalimaliza kazi usiku. Leo usiwahi kulala. Jilaze chali hapa chini, utazame."

Nyani akajilaza, zaidi kwa nia ya kumwumbua Popo. Jua likazama. Tumba moja likapasuka, petali nyeupe zikajikunja nyuma, na katikati pakatokea shada la nyuzi nyingi mno, laini kama manyoya ya kifaranga. Mara likafunguka la pili, na la tatu. Harufu kali ikatanda. Nondo wakaja, komba wakaja kulamba utamu. Popo akatumbukiza uso ndani ya ua, akatoka kifua kimejaa chavua, akarukia mbuyu wa pili.

Aliporudi, Nyani alimwuliza, "Vumbi hilo unalipeleka wapi?"

"Kwenye maua ya mbuyu mwingine, mzee. Bila safari hii, matunda huwa haba. Ule ubuyu uliouita uleule huanzia hapa, usiku, wewe ukiwa umelala."

Nyani akanyamaza. Miaka yote alikuwa amekula matunda ya kazi asiyoijua, akaitangaza kuwa haipo.

Asubuhi baraza lilikutana tena, Nyani akasimulia aliyoyaona na kuomba wabaki. Tembo akauliza, "Na mto ukikauka, tubaki tukitazama maua?"

"La," akasema Nyani. "Kiu ni sababu ya kuhama, na njaa pia. Lakini jana sikuwa na kiu wala njaa. Nilikuwa na macho yaliyozoea."

Hoja ikaondolewa. Badala yake ikapitishwa desturi: katika kila baraza, kabla ya lalamiko lolote, kila mmoja ataje jambo moja aliloliona mwenyewe tangu walipoachana. Mwanzoni Ngiri alikosa la kusema. Baada ya muda ikabidi wamkatishe.

Msimu uliofuata Fisi alirejea, amekonda, akiapa kwamba mlimani nako ni chapwa. Hakuna aliyemcheka. Waliujua ugonjwa wake: alihama na kila kitu isipokuwa macho mapya.

Nasi tunaoishi mtaa mmoja miaka mingi, tukipita njia ileile asubuhi na jioni, tusiuhukumu mti kabla ya kukaa chini yake saa ambayo hatujawahi kukaa. Na anayetazama tofauti na sisi tusiharakishe kumcheka. Huenda ua limemwelekea yeye.