Dalali Kwenye Flashi

Mzee alikuwa na karatasi ya mipaka ya kitalu chake cha uchimbaji, kodineti zimetolewa kwenye ramani za zamani za Arc 1960. Simu yake inasoma WGS 84. Ukichanganya hizo mbili huku kwetu unapotea karibu mita 300, na Makongolosi mita 300 ni duara la mtu mwingine, na huyo mtu mwingine ana sululu.

Nikamwambia, "Mzee, hiyo kazi ndogo."

Nikarudi Chunya, nikashusha msimbo wa PROJ, programu ya kugeuza kodineti, toleo la zamani, nikaijenga mwenyewe. Make ikakimbia, feni ya laptop ikinguruma kama karasha. Nikaijaribu amri yake, cs2cs, mle mle ndani ya folda ya src: namba zikageuka safi. Nikaikopi kwenye flashi, nikapanda gari, kilomita 39 mpaka Makongolosi, kifua mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, tuone."

Nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya binamu yangu, stesheneri. Nikaandika amri. Ikajibu kwa Kiingereza kwamba faili inayotafutwa haipo, na kwamba hii skripti ni ganda tu la cs2cs.

"Inasemaje?"

"Inapasha moto, mzee."

Uzito wake ungenishtua mapema: kilobaiti chache! Nikaifungua, nikakuta maandishi matupu, mstari wa kwanza #! /bin/sh. Kumbe libtool, chombo kinachosaidia kujenga programu, ili uweze kujaribu programu kabla hujaisimika, huweka karani mlangoni. Karani hupewa jina lile lile la bosi (hapo ndipo ugomvi wangu naye ulipo), halafu kazi yake ni kukuelekeza .libs, folda iliyofichwa anakokaa bosi mwenyewe. Na huyu karani humtafuta bosi kwenye .libs iliyo kando yake mwenyewe; .libs hiyo ilikuwa imebaki kwenye laptop yangu, mezani Chunya.

Nikampigia mdogo wangu, akanitumia ile ya ndani ya .libs. Hiyo ikagoma kwa sababu yake: haioni maktaba yake, libproj. Bosi amekuja bila vifaa.

Kesho yake nikarudi na msimbo mzima, nikajenga hapo hapo, safari hii nikamalizia na make install, inayopeleka programu yenyewe /usr/local/bin na maktaba yake /usr/local/lib. Ikagoma tena. Nikakumbuka ldconfig, amri ya kuujulisha mfumo kuwa kuna maktaba mpya. Namba zikatoka.

Nikamweleza mzee yote. Akakunja karatasi yake taratibu.

"Kwa hiyo jana uliniletea dalali."

"Ndiyo, mzee."

"Basi nauli ya jana kamdai yeye."