Heko, Ughali wa York

Juma nililohamia York, Uingereza, mama alinipigia simu kutoka Tanga akauliza kodi. Nikamwambia paundi 570 kwa mwezi.

“Nyumba nzima?”

“Chumba, mama.”

“Choo ndani?”

“Tunachangia, watu wanne.”

Akanyamaza kidogo. “Mwanangu, hiyo si kodi, hiyo ni mahari. Tena unatoa kila mwezi, na mke haji.”

Tangu siku hiyo nimeona ughali wa mji huu umekosa wakili. Kila mtu anaulalamikia, hakuna anayeushukuru. Leo naomba nisimame upande wake, kwa kuwa ndio unaonilea.

Nianze na nasaba, maana ughali huu si mtoto wa jana. Mwaka 1298 Mfalme Edward wa Kwanza alizihamishia ofisi za serikali yake York, awe karibu na vita vyake vya Scotland. Makarani wakaja na farasi, na watumishi, na njaa zao. Bei zikaruka, hata mwaka 1301 ikabidi itolewe amri ya kudhibiti bei za vyakula na vinywaji mjini. Siku hizi makarani wa mfalme hawaji. Wanakuja watalii na wanafunzi, nami nimo. Ughali wa miaka zaidi ya 700 unastahili kuamkiwa kabla ya kulaumiwa.

Tena ni mwalimu wa adabu. Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. York, anayechagua ni mwenye nyumba. Chumba changu tulikwenda kukiona watu tisa jioni moja. Tulisimama foleni kwenye ngazi, kila mmoja akijibana asikohoe, asije akadhaniwa mgonjwa na kukosa chumba. Sijawahi kuona vijana wenye heshima kama wale, hata msibani.

Na uchumi nimefundishwa hapohapo. Nyumbani niliona mita ya umeme ya LUKU ina roho mbaya. Mita ya hapa nayo ni ya kulipia kabla, ila hukata ada ya kila siku hata kama hukuwasha taa. Kwa hiyo wali na maharage ya wiki nzima napika Jumapili, kwa moto mmoja. Jiko likizimwa siondoki. Nakaa mbele yake, mikono nimeielekeza kwenye sufuria, mpaka lipoe kabisa. Joto lile nalo limeshalipiwa. Juu ya dirisha kuna ukungu mweusi unaotambaa kila majira ya baridi. Nilipomwonyesha mwenye nyumba, akanishauri nisianike nguo ndani. Nje ilikuwa siku ya sita ya mvua.

Ughali huu pia una kumbukumbu ya ajabu. Kodi ya halmashauri hapa kwa kawaida humwangukia anayekaa ndani ya nyumba, hata kama ni mpangaji. Hukadiriwa kwa bei ambayo nyumba ingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991, hata ikiwa imejengwa mwaka jana. Mimi mwanafunzi nimesamehewa. Jirani yangu mpishi hakusamehewa, naye mwaka 1991 alikuwa hajazaliwa.

Wanaosema ughali hauna huruma hawajafika kanisani. York Minster, kanisa kuu ambalo jengo lake la sasa lilianzwa karibu mwaka 1220 na kuwekwa wakfu mwaka 1472, mtalii hulitazama kwa tiketi. Mkazi wa York huingia bure, mradi aonyeshe uthibitisho wa anwani. Basi mimi hutoa paundi 570 kila mwezi, halafu naingia bure.

Humo ndani, upande wa mashariki, kuna dirisha la vioo vya rangi ambalo ukubwa wake unakaribia uwanja wa tenisi. Fundi John Thornton wa Coventry alilitengeneza kati ya 1405 na 1408. Ujira wake ulikuwa shilingi 4 kwa wiki pamoja na bakshishi za kila mwaka na ya kumaliza kazi, jumla paundi 56 kwa miaka mitatu. Kwa paundi 56 mimi nalala siku tatu.

Shilingi! Waingereza wenyewe waliiacha mwaka 1971, sisi tumebaki nayo. Na zile shilingi 4 zilitajwa tena mjini humu. Mwaka 1899 Seebohm Rowntree, mtoto wa mwenye kiwanda cha chokoleti, alichunguza familia 11,560 za wafanyakazi wa York, na mwaka 1901 akatoa kitabu. Alipiga hesabu ya fedha za chini kabisa za kuwaweka hai baba, mama na watoto watatu, akapata shilingi 21 na peni 8 kwa wiki. Hesabu yenyewe kavu: hakuna nauli, hakuna gazeti, hakuna stempu ya kumwandikia barua mtoto aliye mbali. Kodi ya nyumba ilikuwa shilingi 4. Hata hivyo, alikuta zaidi ya robo ya watu wa mji wako katika umaskini. Mojawapo ya mistari ya kwanza ya umaskini duniani ilichorwa hapa, na bila ughali ingechorwa na nani?

Nami nimejipima kwa rula yake. Viza yangu inaniruhusu kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Naosha vyombo hotelini kwa kima cha chini cha mshahara, ambacho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Kwa kima hicho nilipata kama paundi 1,058 kwa mwezi. Fukara wa Rowntree alitengewa kodi isiyofika moja ya tano ya bajeti yake. Kodi yangu ilipita nusu ya nilichopata, na mimi sina watoto watatu.

Heko, ughali wa York. Wa 1899 ulikuwa bado unajifunza kutembea. Mahari ya mwezi ujao inatakiwa tarehe 1.