Sensa Iligoma Burma

Ofisi yangu, ikiwa meza na printa vyatosha kuitwa ofisi, imebanana na bucha katika Soko la Burma, karibu na City Stadium, Nairobi. Wazee husema jina hilo lililetwa na askari waliorudi kutoka vita vya Burma. Mimi vita vyangu ni vya mashine.

Jumamosi asubuhi jirani yangu wa bucha alitaka risiti ya mbuzi wanne waliokuwa wakipelekwa hotelini. Nikabonyeza. Printa ikadai karatasi imekwama. Nikaifungua: hamna karatasi. Nikaifunga: imekwama. Nikabonyeza tena na tena, kama mtu anayehimiza lifti iliyokwisha kuitwa.

"Mkubwa, niiguse kidogo?" jirani akauliza, shoka mkononi.

Nikamwita fundi. Akachungulia, akasema, "Sensa imegoma."

"Sensa gani?" jirani akashangaa. "Si tulihesabiwa 2019?"

Fundi akatuonyesha kidude kidogo chenye pengo katikati: upande huu taa isiyoonekana, upande ule jicho. Karatasi ikipita husukuma ulimi wa plastiki, na jicho hujua. Sasa mafuta na unga wa mifupa kutoka kwenye msumeno wa jirani vilikuwa vimeunasa ulimi, printa ikaapa imeona karatasi. Nimewahi kusikia viapo vyepesi zaidi katika soko hili.

Akiisafisha, fundi alitusimulia kwamba mwaka 1977, katika kampuni ya Canon, chuma cha kulehemu kiligusa sindano yenye wino kwa bahati mbaya. Wino ukaruka, na wahandisi wakapata wazo la printa inayorusha wino kwa joto. Siku hizi matundu ya wino huchongwa membamba kuliko unywele. Ajali zangu mimi huzaa madeni tu.

"Ndiyo maana napenda mizani," jirani akajigamba. "Haina sensa."

"Inayo," fundi akajibu. "Nyama ikitua, kipande cha alumini hujipinda kidogo mno, na utepe wa chuma uliogandishwa juu yake huvutika. Umeme ukibadilika, namba inatoka."

Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akaomba nyama yake ipimwe upya.

Hapo printa ikaamka na kutema yote niliyokuwa nimebonyeza: risiti 23 za mbuzi walewale. Jirani akachukua moja. Zilizobaki anafungia matumbo hadi leo.