Heko, Stafilokoka

Wengine na wamsifu simba. Mimi namsifu bakteria stafilokoka, mkazi wa Mutuini, Nairobi, asiyelipa kodi ya nyumba wala nauli ya matatu, na ambaye hajawahi kuvunja mlango wa mtu.

Ngozi si mchezo. Juu yake kuna matabaka ya seli zilizokufa, zimegandamana kwa mafuta. Jasho lina chumvi, uso wa ngozi una tindikali kidogo, na seli zikibanduka huondoka na yeyote aliyezing'ang'ania. Mwenye pupa angekata tamaa. Stafilokoka husubiri. Karibu mtu mmoja kati ya watatu humbeba puani akiwa mzima wa afya, na humo hutulia kwa adabu mpaka kidole chenyewe kimfuate.

Kufungua mlango ni kazi yetu. Anayemkatia ng'ombe nyasi za nepia alfajiri huchanjwa mikono na majani. Pale machinjioni Dagoretti kisu huteleza. Kinyozi naye hupitisha mashine kisogoni, akaacha mikwaruzo ambayo hata kioo hakiioni. Mgeni wetu haombi zaidi ya hapo.

Akishaingia, ndipo usomi wake hujulikana. Huigandisha damu kumzunguka, akapata ngome. Kingamwili zikija, huzidaka mkiani, zikabaki zimegeuzwa kinyume, hazina la kufanya. Chembe nyeupe za damu huzitoboa kwa sumu. Usaha wa jipu tunaomlaumu nao, sehemu yake kubwa ni maiti za askari wetu wenyewe. Na ana moyo wa kujitolea: mwaka 1928, jijini London, ni yeye aliyekufa kwenye sahani ya Alexander Fleming ili dunia ipate penisilini. Dawa ilipoenea hospitalini miaka ya 1940, alikuwa ameshajifunza kuimeng'enya. Mwanafunzi gani wa Nairobi amefanya marudio hivyo?

Hata siasa ilimheshimu. Rais Magufuli alipoingia madarakani mwaka 2015, Tanzania nzima iliimba kutumbua majipu, yaani kuwafukuza kazi mafisadi. Sijui kama wanasiasa walimuuliza daktari. Jipu halisi likikamuliwa kwa kucha huweza kupasukia ndani, bakteria wakasambaa nyamani, pengine hadi kwenye damu. Stafilokoka hana mpiga kampeni bora kuliko mtumbuaji mwenye haraka.

Kinachomkera ni sabuni na maji yanayotiririka, na hapo Nairobi, kwa mgao wake wa maji, imemwonea huruma.