Baraza la Kiganjani

Jirani yangu hapa Moshono anagombea mpaka wa shamba na nduguye. Baraza la Kata, lenye wajumbe wanne hadi wanane, watatu wakiwa wanawake, yeye halitaki. Analiona limepwaya: tangu 2021 haliamui tena migogoro ya ardhi, hupatanisha tu. Basi ameunda la kwake ndani ya simu. ChatGPT imemwigizia wazee wanane: hakimu mstaafu, mpima ardhi, mchungaji, hata laigwanani, kiongozi wa mila wa Kiarusha.

Wakamhoji usiku kucha, kwa adabu iliyopitiliza. Kila mmoja alianza kwa kulisifu swali lake. Laigwanani, ambaye hajawahi kukanyaga hata mavi ya ng'ombe, akatoa hoja tano zenye namba.

Jirani akashinda kwa kauli moja. Atashindwaje? Mlalamikaji yeye, shahidi yeye, karani yeye.

Asubuhi akamsomea hukumu bibi auzaye ndizi njia panda. Bibi akasikiliza mpaka simu ikaisha chaji, ndipo akauliza ambalo wale wanane halikuwajia:

"Mwanangu, yale masale ya mpakani uliyang'oa lini?"