Mizani na Jedwali

Lori la kiwanda limechelewa, kama kawaida ya malori msimu wa mvua. Kwenye kituo kimoja cha kununulia majani chai, upande wa Konoin, mvua ya mawe imepiga mabati nusu saa ikakoma. Wakulima wamejibanza kando ya magunia, na karani ameiacha simu yake mezani ikiwa wazi. Ndani ya simu yumo Jedwali, kijana wa tovuti, aliyevishwa vazi jipya juma hili. Juu ya boriti ananing'inia mzee Mizani, yule wa uso wa saa na mshale, aliyestaafishwa zilipokuja mizani za kielektroniki na ambaye hakuna aliyepata wasaa wa kumshusha.

JEDWALI: Chamgei, mzee. Umeliona vazi? Kichwa kinaanza na kijani kibichi kikaishia rangi ya limau, pembe zimeviringwa, kila seli ina kivuli chake. Maandishi ni kijani cha chipukizi juu ya weupe, rangi ya kampuni kabisa. Na kipanya kikipita juu ya mstari, mstari unang'aa.

MIZANI: Chamgei mising. Kipanya kipi, kijana? Hapa watu wanakugusa kwa kidole kilicholowa mvua na kushika utomvu wa chai. Huo mng'ao umeshonwa kwa ajili ya meza ya ofisini. Lakini tuyaache hayo. Nisomee kilo za yule mama aliyeketi juu ya kikapu.

JEDWALI: 9.5, halafu 31, halafu 12.75. Zimekaa katikati ya seli, zinapendeza.

MIZANI: Zinapendeza na zinadanganya. Ziweke moja chini ya nyingine uone: 12.75 imejinyoosha, 31 imejikunyata, na jicho la mtu mwenye haraka linaona kwamba siku ya 12.75 ndiyo iliyokuwa na mavuno. Ungezisukuma zote kulia na kuzipa tarakimu mbili mbili baada ya nukta, yaani 9.50, 31.00, 12.75, makumi yangekaa chini ya makumi, na mama angejumlisha kwa macho kabla karani hajawasha kikokotoo. Jumla ni 53.25. Umeiweka wapi jumla?

JEDWALI: Ukurasa wa tatu. Naonyesha mistari kumi kwa kila ukurasa ili nisionekane nimesongamana. Lakini mzee, kilo ni kilo. Ziwe katikati, ziwe kulia, kwenye kumbukumbu za kompyuta ni 53.25 ileile. Mavazi hayabadilishi uzito.

MIZANI: Hoja hiyo nimeisikia tangu enzi za daftari na kalamu ya risasi, na inafanana na kweli mpaka uulize kilo hizo ni za nani. Kumbukumbu zimelala kwenye mashine iliyo mbali; mkulima hana njia ya kuzifikia ila kupitia uso wako. Kile ambacho uso wako haukionyeshi, kwake hakipo. Chukua hicho kijani cha chipukizi juu ya weupe. Shirika la W3C, linaloweka kanuni za wavuti, linataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa angalau 4.5 kwa 1. Kijani chepesi cha namna hiyo hakifiki hata 2 kwa 1. Ofisini, pazia likiwa limeshushwa, utasomeka kwa kukodoa macho. Hapa nje, jua likitoka baada ya mvua na skrini ina ufa, wewe ni karatasi tupu yenye nembo.

JEDWALI: Wivu wa chuma hicho. Wewe hukuwahi kupambwa.

MIZANI: Nilipambwa, tena sana! Nitazame. Uso mweupe, tarakimu nyeusi, mstari mrefu kila kilo kumi, mfupi kila kilo moja, mshale mwembamba ili usizibe namba iliyo nyuma yake. Kuna mtu alikaa akachagua kila kimojawapo, akimfikiria msomaji aliyesimama hatua tatu kutoka kwangu, nyuma ya mabega ya wenzake. Kwa hiyo sisemi utembee uchi. Jedwali lisilovikwa chochote nalo ni balaa: seli zimebanana, na jicho likitoka kwenye tarehe linafika kwenye kilo za siku nyingine. Ndiyo maana karatasi za kuchapishia za kompyuta za zamani zilikuwa na milia, ukanda wa kijani na ukanda mweupe. Milia ile ilikuwa pambo, na ilikuwa na kazi.

JEDWALI: Basi lawama si yangu. Mwanaprogramu alinichukua nikiwa tayari, na mavazi yangu. Kunigusa ni kuniharibu.

MIZANI: Huo ni uvivu uliovaa koti la utaalamu. Mwaka 1994 Håkon Wium Lie alipendekeza mavazi ya kurasa za wavuti yaandikwe mbali na maneno yake, na Desemba 1996 W3C ikaupitisha mfumo huo, CSS. Maana yake ni kwamba kilo hukaa upande mmoja na rangi upande mwingine. Ukibadilisha rangi, hakuna kilo inayomwagika. Mwanaprogramu wako asipasue utumbo wako, kwa sababu toleo jipya likija litafuta kazi yake yote. Akupe jina la kundi, aandike amri chache kwenye faili yake mwenyewe, aipakie baada ya ile uliyokuja nayo. Namba kulia, kichwa kibaki juu mtu anapotelezesha ukurasa, maandishi yawe meusi. Ni kazi ya asubuhi moja.

JEDWALI: Wengi hapa wana kabambe tu, zile simu ndogo za vitufe. Wanapata ujumbe mfupi.

MIZANI: Ujumbe mfupi unatosha kwa kilo za leo. Bonasi ikikaribia, mtu anataka kuiweka miezi kumi na miwili ubavu kwa ubavu, na hapo anamwomba mwanawe mwenye simu kubwa. Mwana anafungua, anakukuta wewe. Sasa niambie jambo moja lililobaki. Mbolea ya NPK iliyochukuliwa kwa mkopo, inakatwa wapi? Naona tarehe, kilo, malipo.

JEDWALI: Safu ya makato ipo. Ila skrini ni nyembamba, ikabidi safu moja ijifiche.

MIZANI: Na nembo?

JEDWALI: Nembo haikuguswa.

MIZANI: Hapo sasa umesema. Nafasi ilipokuwa finyu, mtu aliketi akapima kipi kibaki, makato ya mkulima au nembo ya kampuni, akachagua. Akaandika uamuzi huo kwenye faili ya rangi, ambako hakuna mkurugenzi wa kiwanda anayeusoma wala mkutano wa wakulima unaoujadili. Usiniambie tena kwamba ni mavazi tu.

Taa za lori zilionekana kwenye kona. Karani aliinuka, akaiokota simu, akaigeuza ubavu ili aishike vizuri kwa mkono mmoja. Skrini ikapanuka, na safu ya makato ikatokea.