Mhadhara wa Amani ya Miguu, Uliotolewa Ufukweni Kagunga

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wangu shikamooni, kina mama mnaoanika dagaa, na ninyi vijana mliotoka ziwani alfajiri ambao naona mmelala huku mmekaa: hamjambo.

Mimi ni Mtaalamu Mkuu wa Utulivu wa Nafsi kwa Njia ya Kukimbia. Cheo hiki nimejipa mwenyewe, kwani niliangaza kulia na kushoto nisimwone mwenye hadhi ya kunipa. Nimepanda boti Kibirizi, nikaipita Gombe nikitapika kwa heshima zote, ili nije kuwafundisha kuishi kando ya ziwa mlilokaa nalo tangu enzi za mababu bila mwongozo wowote.

Tuanze na elimu. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470. Duniani kote linazidiwa na Baikal la Urusi peke yake. Na kina ni nini? Kina ni utulivu uliosimama wima. Andikeni hiyo. Mwaka 1871 Stanley alitoka pwani kwa miguu hadi Ujiji kumtafuta Livingstone, ikamchukua miezi. Angekimbia! Bibi Jane Goodall naye alifika Gombe mwaka 1960, akakaa kimya akiwatazama sokwe, akasifiwa ulimwengu mzima. Sina ugomvi na marehemu, ila kukaa hata sokwe wanakaa.

Sasa vitendo. Leo saa kumi na mbili asubuhi nilijitoa kuwa mfano. Nikafumba macho kama nadharia yangu inavyoagiza, nikavuta pumzi, nikatimua mbio za taratibu. Punde nikahisi mchanga umebadilika chini ya viatu: umekuwa laini, unavunjikavunjika, unatoa mlio mwembamba kama wa majani makavu. Nikajiambia, naam, hii ndiyo amani yenyewe.

Walikuwa dagaa. Dagaa wa mama yule pale mwenye kitenge cha njano, walioanikwa tangu jana mchana, na niliwakanyaga hatua 17 kabla hajaniita.

"Baba, nani anakukimbiza?"

Swali zito la kifalsafa! Nikamjibu: nafsi yangu. Akasema basi nafsi hiyo ilipe sado mbili.

Nadharia haikukosea, ndugu zangu. Iliyokosea ni tarehe. Nimeelezwa baadaye kwamba mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawaingii ziwani, maana mbalamwezi huzishinda taa zao na dagaa hawavutiki, basi mchanga hubaki mtupu. Amani ya Kagunga kumbe ina kalenda, na kalenda iko kwa wavuvi. Nitaiingiza katika toleo la pili la mhadhara.

Naona mkono. Ndiyo, mzee wangu. Anauliza tofauti ya mkimbiaji na mkimbizi. Jepesi hilo! Mkimbiaji anajua chai atainywa wapi akimaliza.

Anasema Mei 2015 ufukwe huuhuu ulifurika maelfu kwa maelfu ya watu waliotoka Burundi. Hapakuwa na pa kuweka mguu, seuze kukimbia. Kipindupindu kikaingia. MV Liemba, ile meli kongwe iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inatia nanga ndani ya maji, mitumbwi inawapeleka watu hadi ubavuni mwake, inawabeba kwenda Kigoma na kurudi kuchukua wengine. Yeye mzee alilala nje wiki tatu, kwa sababu chumba chake kilikuwa na watoto wa watu. Anauliza, katika hesabu zangu, hiyo inaitwa amani ya aina gani.

(Hapa mtoa mada alipekua daftari lake, mbele na nyuma.)

Mzee wangu, ukurasa huo sina.

Maswali mengine nitayapokea nikishamlipa mama. Kuna mwenye chenji ya elfu kumi?